Sura ya Mama Mkwe

Habari ilimkuta Shilinde ofisini kwake, karibu na soko kuu la Tabora, akimhangaikia mwenye baa mmoja aliyetaka chupa ya bia kwenye bango lake iwe kubwa kuliko mwanamke aliyeishika, na huyo mwanamke naye asipungue. Simu ikaita. Alikuwa mkewe, Minza, na Minza hakuwa mtu wa kupiga simu mchana bila jambo.

"Baba Samweli, mama wamemtoa."

"Wamemtoa wapi?"

"Kwenye orodha ya ruzuku ya kaya maskini. Wamekaa mkutano wa kijiji wakamkata jina. Wanasema tajiri hawezi kula hela za maskini."

Shilinde aliachia kipanya. Mwenye baa, aliyekuwa amemwinamia begani, akadhani kazi imekwisha, akavaa miwani kuikagua.

"Tajiri nani?" Shilinde aliuliza.

"Usiniulize mimi," alisema Minza. "Jiulize wewe uliyembandika mama yangu kwenye makopo ya watu." Akakata.

Hakuwa na haja ya kuuliza makopo gani. Moja lilikuwa juu ya kabati, mbele ya macho yake, zawadi ya mteja. Bibi aliyejifunga kilemba cha kitenge anacheka kwa meno yote, na nyuma yake msitu wa miombo umekolea jua la jioni. Juu ya kichwa chake pameandikwa Mayu wa Miombo, mayu ikiwa ni mama kwa lugha ya huko. Chini yake: Asali yangu, nimeirina kwa mikono yangu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za dhahabu: Toka enzi za misafara. Kampuni yenyewe ilikuwa imeanza mwaka juzi, kwenye godauni la kukodi nyuma ya stesheni, na asali yake ilinunuliwa kwa madumu kutoka kwa yeyote aliyeshuka nayo kwenye treni ya Kaliua. Lakini mwenye kampuni, Bwana Ezekia Mayala, alitaka bidhaa yake iwe na historia, na Shilinde ndiye aliyelipwa kumtafutia. Akamtafutia.

Kazi ile ilimpa jina mjini. Kabla yake alikuwa mtu wa kadi za harusi na vipeperushi vya mikutano ya injili. Baada yake wenye maduka walianza kumwita dizaina, wakamletea viti vya plastiki akae wazungumze. Bango la Mayu lilisimama barabara ya Nzega, kubwa kama ukuta wa nyumba, na watu wa Ipuli anakoishi walimwonyesha kidole wakisema huyu ndiye aliyelichora. Ila mbali na Mayala, hakuna mtu wa mjini aliyejua kwamba bibi yule ni mama mkwe wake. Hilo aliliweka tumboni.

Aliliweka tumboni kwa sababu lilikuwa aibu. Kwa watu wa upande wa Puge, na hasa kwa familia ya kina Minza, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Vijana wengi wa mjini wameshayapa mgongo mambo haya, lakini Shilinde alioa kwa watu wanaoyashika, naye akayashika. Miaka yote ya ndoa alimjua mama mkwe wake kwa sauti nyuma ya mlango, kwa miguu, na kwa pindo la kanga. Siku Mayala alipozikataa picha zote za kwenye mtandao, akisema wale ni wanawake wa Afrika Magharibi na yeye anataka bibi ambaye mtu wa Tabora akimwona atasema huyu namfahamu, Shilinde alimkumbuka mwanamke ambaye hajawahi kumtazama vizuri. Angewezaje kumwendea akamwambia, mama, naomba uso wako nikauzie asali? Alimtuma mkewe.

Minza alikwenda Puge kusalimia, akarudi na picha kwenye simu. Shilinde akaihamishia kwenye kompyuta, akaikuza. Mara ya kwanza alifunga mlango wa ofisi kama mtu anayetazama machafu. Kisha kazi ikamzoesha. Siku nzima uso wa mama mkwe ulijaa kioo, naye anapunguza kikunjo hiki, anaacha kile, anaziba pengo la jino, anaondoa ukungu ulioanza kulivamia jicho la kushoto. Aliondoa ukuta wa tope uliokuwa nyuma, akapanda msitu. Mwisho wa kazi aliujua uso ule kuliko Minza mwenyewe, na akaona haya ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jioni alimkuta Minza uani anachambua choroko kwenye ungo. Hakumpokea begi. Alimwachia kigoda akae, akaendelea kuchambua.

"Ilianza zamani," alisema bila kuinua macho. "Mimi mwenyewe nimejua leo, tena kwa jirani. Kwanza walikuja baba zangu wadogo kuomba ng'ombe wa kulimia. Mama akawaambia ng'ombe anao wapi, wakaondoka wamenuna, wanasema hela imemharibu. Halafu chama cha kuzikana kikampangia mchango mara mbili ya wenzake. Kanisani wamemwandika kwenye wafadhili wa bati. Amekaa na hayo yote kimya."

"Kwa nini hakusema?"

"Amwambie nani? Akiniambia mimi, nitakwambia wewe. Na wewe ni mkwe. Mama yangu alalamike juu ya mkwe?"

Shilinde alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia.

"Pesa ile ndiyo dawa yake ya presha," Minza aliendelea. "Ndiyo daftari na sare za watoto wa marehemu kaka. Mahindi yameungua na jua, unajua. Wamemwambia kama anabisha, alete barua ya kampuni, yenye muhuri, inayosema yeye si mwenye asali na halipwi kitu. Ijumaa kuna mkutano wa mwisho. Baada ya hapo orodha inakwenda wilayani, na ikishakwenda imekwenda."

"Nitaleta barua."

"Utaleta."

"Minza, nilikutuma ukamwombe ruhusa."

Sasa aliinua macho. "Ulinituma nikaombe picha. Nikamwambia mama, mkweo anaomba picha yako, ni ya mambo ya kazi. Unajua alifanyaje? Alioga. Akaenda kuazima kile kilemba kwa jirani. Akaniambia nisubiri jua lipungue ili asikunje uso. Alidhani unataka kuitundika sebuleni."

"Hukumwambia ni ya tangazo?"

"Na wewe hukuniambia kwamba tangazo litakuwa kubwa kuliko kanisa lao." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Kila kitu chako ni cha kazi, Baba Samweli. Hata kalenda ya hapo ukutani uliniambia ni ya kazi."

Wakati wa kula Shilinde alijaribu kukumbuka alivyosema siku ile, neno kwa neno, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyoona kwamba hakuwa amesema wazi. Alikuwa amesema kwa adabu, kwa kuzungukazunguka, kama inavyotakiwa mtu anaposema habari za mama mkwe wake.

Asubuhi alikwenda kwa Mayala. Godaunini akina mama waliovaa kofia za nailoni walikuwa wanajaza makopo, na binti mmoja anabandika lebo. Alikuwa fundi, binti yule. Anaubandika uso wa mama mkwe, anaupangusa kwa kiganja usiwe na mapovu, anasukuma mbele, anachukua mwingine.

Mayala alimpokea kwa mikono miwili. Ni mtu mchangamfu, mwenye tumbo na kicheko, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mfanyakazi. Alimwagizia chai kabla hajaulizwa shida. Shilinde akaieleza yote, tangu simu ya Minza hadi muhuri.

"Pole sana," alisema Mayala, na sura yake ikaonyesha kwamba pole ile ni ya kweli. "Yaani watu wa vijijini. Sasa hebu tufikiri pamoja, kaka. Hiyo barua niandike nini?"

"Kwamba yeye si mwenye kampuni. Kwamba ni picha tu."

"Ni picha tu. Na pale chini pameandikwaje?"

Shilinde alikitua kikombe.

"Nisaidie kusoma, wewe ndiye uliyeandika. Asali yangu, nimeirina kwa mikono yangu. Nakumbuka siku uliyoniletea yale maneno. Nilikwambia huyu kijana ana kipaji, sikukwambia? Nikakuongezea na ya vocha." Mayala alikoroga chai yake taratibu. "Maduka makubwa ya Dar yamekubali kuichukua asali yetu mwezi huu. Na wameniambia wazi, asali ziko nyingi, wao wanachonunua ni yule bibi. Leo nigonge muhuri kwamba bibi hana nyuki, hana mzinga, hajui hata godauni liko wapi? Barua kama ile ikipigwa picha ikaingia kwenye makundi ya simu, kesho nimefunga. Na hawa akina mama unaowaona hapo nao wamefunga."

"Basi tumlipe," alisema Shilinde. "Kidogo tu, kila mwezi. Kufidia."

"Hilo nami nimelifikiria, ulipokuwa unaongea. Lakini tukimlipa, si ndiyo itakuwa kweli analipwa? Wale watu watakuwa wamesema kweli, na wewe barua yako utaiombea wapi?"

Shilinde aliitazama ile hoja kila upande, akatafuta ufa, hakuuona. Alikuwa amekuja na hasira kidogo, nayo ikawa haina pa kukaa, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa anampa chai.

"Halafu kuna jambo moja," Mayala alisema, sauti imeshuka. "Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kama mama ameridhia, ukasema hayo ni ya kifamilia, nikuachie. Au hakuridhia?"

Binti wa lebo alikuwa ameacha kubandika. Pengine alikuwa anapumzisha mkono tu.

"Ameridhia," alisema Shilinde.

"Basi. Mambo ya familia hayakosi kumalizika." Mayala akasimama, akamwamuru mtu alete katoni. "Unakwenda ukweni, huwezi kwenda mikono mitupu. Mpelekee mama asali, umwambie mwanawe Mayala anamsalimu."

Angeikataa ile katoni. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuikataa. Lakini ni kweli kwamba hakuna mkwe anayefika ukweni bila kitu mkononi, na kwamba mfukoni hakuwa na cha kununulia kingine cha maana, na kwamba mtu aliyekwisha kunywa chai ya mwenzake huona uzito kumrudishia zawadi. Akashukuru, akaipakia kwenye bodaboda.

Ijumaa Minza alitangulia Puge na basi la alfajiri. Shilinde alifuata baadaye, maana alibaki kumalizia kazi ya mwenye baa. Aliposhuka njia panda alipanda pikipiki hadi kijijini, kompyuta mgongoni, katoni mapajani. Mkutano ulikuwa umeshaanza kwenye darasa la shule ya msingi. Alifikiri aipeleke kwanza katoni nyumbani, lakini nyumbani hakukuwa na mtu, wote walikuwa mle darasani, na dereva alikuwa na haraka. Akaingia nayo.

Watu walimtazama yeye, kisha wakaitazama katoni. Ubavuni mwake, pande zote, mama mkwe wake alikuwa anacheka.

"Mzigo wa mwenyewe umefika," alisema mtu wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yoramu, aliwatuliza kwa kugonga meza na rula ya mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, mzee yule. Orodha ilikuwa na ukomo, na nje ya orodha kulikuwa na watu wenye njaa kuliko waliokuwa ndani. Alichokitaka ni kupata nafasi ya mtu mmoja bila kugombana na mtu.

"Karibu, mkwe wetu. Mwangaluka," alimsalimu kwa lugha ya huko. "Tumeambiwa unaleta barua."

"Shikamoo, mwenyekiti. Shikamooni wazee." Shilinde aliitua katoni sakafuni, akaigeuza ili sura iangalie ukuta, lakini upande wa pili nao ulikuwa na sura. Mama mkwe alikuwa amekaa safu ya akina mama, Minza pembeni yake. Hilo alilijua bila kutazama, kwa kanga. Alisimama amewapa ubavu, akaongea na ubao. "Barua sikuipata. Mwenye kampuni hakuweza kuandika. Ila nimekuja kusema mwenyewe, maana tangazo lile nimelitengeneza mimi. Mama hana asali. Hana mzinga hata mmoja. Hajalipwa hata shilingi."

"Tangazo linasema asali ni yake."

"Maneno yale niliyatunga mimi, mwenyekiti."

"Uliyatunga." Mzee Yoramu aliwatazama wajumbe. "Yaani ni uongo."

"Ni tangazo."

Walicheka tena, safari hii kwa upole kidogo, kama wanavyocheka watu wakisikia mtoto anajitetea. Shilinde alitoa kompyuta. Jambo hili alikuwa amelipanga njiani na alikuwa na imani nalo. Aliiweka juu ya meza ya mwalimu, akafungua picha mbili, ya kopo na ile aliyoipiga Minza. Akazikuza zikae bega kwa bega.

Darasa likasogea. Upande mmoja Mayu wa Miombo aling'aa. Upande wa pili alikuwepo mwanamke wa Puge mbele ya ukuta wa tope uliopasuka, kilemba cha kuazima kichwani, jicho moja lina ukungu, na pengo la jino wazi kwa sababu alikuwa anacheka kwa moyo wote. Uso wake ulikuwa mkubwa kama sinia la pilau, na wanaume wa kijiji wakawa wanauinamia na kuunyoshea vidole. Nyuma ya Shilinde, mama mkwe alivuta kanga akafunika mdomo. Minza aliliona hilo, akamwita mumewe kwa sauti ya chini, lakini mumewe alikuwa anaeleza.

"Hii ndiyo picha yenyewe. Hapa niliziba jino. Hapa jicho. Nyumba niliiondoa nikaweka miti. Miti hii haipo, nimeichora."

"Unaweza kuondoa nyumba?" aliuliza mjumbe mmoja, kijana mwenye miwani ya jua kichwani.

"Ndiyo."

"Na kuiweka, unaweza?"

"Kuweka nini?"

"Nyumba ya tope. Ukuta mbovu. Ukamtoa mtu jino, ukampaka ukungu jichoni. Kwa mfano mtu anataka aonekane maskini ili aendelee kupata hela." Kijana aliwageukia wenzake. "Mimi nauliza tu. Mtaalamu ametuambia mwenyewe picha inafanywa vyovyote. Sasa katika hizi mbili tujue ipi ni ya kweli?"

"Lakini nyumba si mnaiona? Si iko hapo, mnapita kila siku?"

"Tajiri akificha mali hajengi," alisema mtu mwingine, na wengi wakaitikia kwa miguno, maana kila mmoja alikuwa na ndugu anayemdhania hivyo.

Shilinde alisimama mbele yao na ustadi wake wote umewashwa mezani, akaona kwamba kadiri atakavyoeleza ndivyo watakavyozidi kutoamini. Alitamani mtu amkaripie, apate cha kujibu.

Mzee Yoramu aligonga meza. "Tusichoshane. Mkwe, mimi nauliza kitu kimoja na tufunge. Mama huyu, Pelagia, aliridhia picha yake iuzie asali, au hakuridhia?"

Mzee Yoramu alichukua kalamu.

"Maana kama aliridhia," mwenyekiti aliendelea, "hakuna mtu anayeridhia bure, kwa hiyo alilipwa, na jina limekatwa kihalali. Na kama hakuridhia, wewe umechukua uso wa mjane wa kijiji hiki ukafanyia biashara bila yeye kujua. Hilo si la mkutano. Hilo ni la polisi, na mgambo wako hapo nje watakusindikiza. Sisi hatuna ubaya nawe, lakini mama ni wetu. Sema, tuandike."

Shilinde alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, moja tu, hakuridhia, na lingemrudishia mama jina lake. Alimfikiria Samweli, akaifikiria ofisi, akamfikiria Mayala na akina mama wa kofia za nailoni. Ni kweli aliogopa, na hakuna sababu ya kumficha. Lakini ni kweli pia kwamba alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kulisema.

"Mwenyekiti," alisema mama mkwe.

Alikuwa amesimama. Kanga ilikuwa imeshuka mdomoni. Shilinde aligeuza uso haraka upande wa dirisha.

"Mnamhangaisha bure. Mkwe wangu ana haya, hawezi kusema habari zangu nikiwa nimekaa hapa. Mimi niliombwa na mwanangu, nikakubali. Nilivaa mwenyewe, nikasimama mwenyewe. Hakuna aliyeniibia."

"Na malipo, mama?"

Minza alimshika kanga kwa chini, akaivuta, na yeye akauondoa mkono wa bintiye polepole.

"Nililipwa. Nimekula na wajukuu. Andika hivyo, muda unakwenda."

"Jina likae lilivyokatwa?"

"Likae."

Akaketi. Hakuwa mwanamke wa kukubali mume wa binti yake atolewe kijijini kwake katikati ya mgambo, watoto wa shule wakimfuata nyuma. Kwake hayo yangekuwa makubwa kuliko njaa, na watu wazima wote mle ndani walilielewa hilo, hata wale waliojua kwamba anasema uongo. Mzee Yoramu naye pengine alilijua. Aliinamisha kichwa, akaandika.

Shilinde aseme nini sasa? Aseme mama mkwe wake ni mwongo, mbele ya kijiji kizima? Alimtazama Minza ili apate dalili yoyote, na Minza alikuwa anatazama mikono yake. Mkutano ukahamia kwenye habari ya kisima. Yeye akafunga kompyuta taratibu isije ikalia.

Katoni hawakuirudisha. Mjumbe mwenye miwani alisema kwa kuwa mama amejaliwa, si vibaya wazee nao waonje, na kabla mkutano haujafungwa makopo yalikuwa yameshagawanywa. Watu walitoka darasani kila mmoja ameukumbatia uso ule kifuani. Wengine walimshukuru mama mkwe njiani, wakamwambia Mungu amzidishie.

Njia ya kwenda nyumbani ilipita kati ya mashamba ya karanga. Mama mkwe na Minza walitangulia, na Shilinde akafuata kwa umbali unaostahili, si mbali kiasi cha kushindwa kusikia. Alitaka Minza ageuke hata mara moja. Alikuwa ametunga maneno ya kumtuma amfikishie mama, ya kuomba msamaha, ya kuahidi kwamba dawa za presha atazituma yeye kila mwezi, na akijua hali ya ofisi yake alijua pia ni mwezi gani atashindwa.

Mwanamke mmoja aliwafikia kwa mbio kutoka nyuma, mtoto amemfunga mgongoni. Alimpita Shilinde bila kumsalimu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, pale pale njiani.

"Mayu, nisamehe kukufuata. Joto la mtoto halishuki tangu jana, na duka la dawa hawanikopeshi tena. Nilikuwa naogopa kukuomba. Lakini kwa kuwa umesema mwenyewe mbele ya watu, nimejipa moyo."

"Dada Julieth," alisema Minza, "ungejua, mama hana..."

"Minza," mama yake alimkatiza.

Mama mkwe alimwinamia yule mtoto, akamgusa shingo kwa nyuma ya mkono, akaguna. Kisha akalitafuta pindo la kanga yake, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na noti moja iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama karanga. Akaikunjua, akainyoosha juu ya paja, akampa.

"Wahi kabla hawajafunga," alisema. "Na ukirudi pitia kwangu, nimwone."

Julieth alishukuru hadi sauti ikamkatika, akainuka, akakimbia kuelekea dukani. Mama mkwe alibaki amesimama. Alilishika lile pindo tupu, akalifunga tena fundo, akalikaza kwa meno. Shilinde alisimama pale alipokuwa, akageuza uso wake kwenye karanga, kama mkwe anavyotakiwa.